Hollis Tackett na Jike wa Barabara ya Kinu

Bwana asifiwe, wasomaji wapendwa. Hamjambo huko mliko? Sisi wa Hifadhi ya Piney Fork tu wazima, ila mioyo imetuelemea: Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Hollis Tackett anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda msitu.

Alianza kwa kufyeka njia. Kobe wetu, wale wanaojifungia ndani ya gamba kama kisanduku, anawajua kwa nyuso. Mkewe hulalamika kwamba siku ya ndoa yao huisahau, lakini siku kobe fulani alipotaga haimpotei.

Mnakumbuka mbio za kobe kanisani. Kila kiangazi watoto waliwaokota msituni, tukawashindanisha, tukala kuku na matikiti, kisha tukawaachia wote nyuma ya kanisa. Mwaka mmoja Hollis alisimama mbele ya beseni la kobe, kofia mkononi, akaomba mbio zisifanyike.

“Ndugu Hollis, msitu umejaa kobe,” Mchungaji Verdell alimwambia. “Unataka kuwaliza watoto?”

“Haujajaa tena, Mchungaji. Kobe akitolewa kwao hutafuta njia ya kurudi mpaka gari limponde. Jike huyu amenizidi umri, na ana mayai.”

Wengine walinuna. Hollis akawaita watoto mmoja mmoja, kila mtu aseme alimwokota wake wapi, ili arudishwe papo hapo. Akabaki yule jike, hana mwenyewe.

Mwenyewe nilikuwa mimi, mkata tiketi wa hifadhi hiyohiyo. Nilimtoa Barabara ya Kinu, nikamweka kwenye karai siku nane ili mjukuu wangu ashinde.

Hakunikaripia. “Dada Lorene, alikuwa anaelekea upande gani?”

Sikukumbuka, na kobe akiwekwa upande asiouendea hurudi tena barabarani.

Tulimrudisha ukingoni mwa barabara, tukangoja aamue mwenyewe. Saa nzima hakutoa kichwa. Alipoanza kutembea, alifika katikati ya lami, na lori la magogo likawa linashuka kilima. Hollis hakutaka kumgusa asije akajifungia tena. Akaingia barabarani, akapunga kofia. Niliomba kwa sauti. Lori lilisimama hatua tatu kutoka magotini pake.

“Mzee, umechoka kuishi?” dereva aliuliza.

“Subiri kidogo, mama anavuka.”

Akavuka, akazama nyasini. Mwaka uliofuata watoto walishindana wenyewe, miguu ndani ya magunia.

Asante, Hollis. Mungu akujalie mapumziko marefu na magoti yasiyouma.

Nanyi wasomaji, najua wapo kobe kwenye makarai yenu. Niandikieni kila mmoja mlimwokota wapi na alikuwa anaelekea upande gani. Tafadhali jibuni upesi, Hollis yupo kazini mpaka Ijumaa.