Selpha Syokau wa Kalimoni, Mpimaji wa Masikio ya Wachanga (1952–1999)

Selpha Syokau alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 Kilimambogo, mashariki mwa Thika, kifungua mimba wa mzee Kaleli na Mama Kaveke, wakulima.

Alianza shule mwaka wa 1960. Mdogo wake Kyalo, aliyesoma naye darasa moja, hakuwa akisikia vizuri kwa sababu ya usaha wa masikio, basi Syokau akaomba wakae dawati moja, akawa anamwandikia aliyoyasema mwalimu. Wote wawili walipita mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Alisomea uuguzi, akahitimu mwaka wa 1975, akafanya kazi Thika. Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Urbanus Mutiso, fundi wa kiwanda cha nguo, wakajenga Kalimoni, wakamzaa Ndinda na wadogo zake. Mwaka wa 1984 alipomaliza mafunzo ya kupima masikio, wa kwanza kupimwa alikuwa mumewe.

“Baba Ndinda, masikio ni mazima,” alimwambia. “Umezoea tu kupiga kelele.”

Mwaka wa 1992 alihamia kliniki moja ya Ruiru iliyokuwa na mashine ya kupima sikio la kati. Kila mtoto alipimwa kwa mlio mzito, na skrini ikionyesha mstari mmoja. Mstari ukipanda kama kilima, sikio ni zima.

Machi 1994, Leila, muuza nguo wa Ruiru, alileta bintiye Ikhlas, wa miezi mitatu. Kilima kilionekana.

“Lakini hashtuki hata sufuria ikianguka,” Leila alisema.

Syokau alikuwa amesoma kitabu cha mashine hadi kurasa ambazo hakuna aliyezifungua. Alijua sikio la mtoto mchanga bado ni laini, na mlio mzito huweza kudanganya. Akabadilisha, akaweka mlio mwembamba wa juu, kisha akaiamuru skrini itenganishe mstari ule kuwa miwili, kwani mmoja huweza kuficha kasoro ya mwingine. Yote miwili ilibaki bapa, bila kilima. Nyuma ya kiwambo cha sikio kulikuwa na maji.

Daktari Gachanja, mkuu wake, hakuridhika. “Sista, hapa tunatumia mstari mmoja. Wewe ni wa kupima, si wa kutibu.”

“Sawa, daktari. Lakini karatasi ya mashine haina cheo. Isome tu.”

Aliisoma, kisha akaandika barua ya kumpeleka mtoto Nairobi. Maji yalitolewa. Wiki ya tatu Leila alirudi, akaita jina la bintiye kutoka mlangoni. Ikhlas akageuza kichwa. Syokau alitoka nje kidogo kufuta machozi.

Hata hivyo kliniki haikubadilika kwa siku moja. Miaka mitatu alipima kila mtoto mchanga mara mbili, kwa kila mlio, na kuhifadhi karatasi zote, akiambiwa anapoteza muda. Mwaka wa 1997 Daktari Gachanja mwenyewe aliagiza wachanga wote wapimwe hivyo.

Februari 1998 alipatikana na saratani ya titi. Kati ya matibabu alirudi kazini, amefunga kitambaa kichwani, akafundisha wauguzi wanne mpaka mkono wake ukashindwa kushika kifaa. Alilala Jumanne, 16 Novemba 1999, Thika, Urbanus akiwa kando yake.

Ameacha mumewe Urbanus. Watoto wake Ndinda, Kaleli na Nicanor. Mama yake Kaveke. Ndugu yake Kyalo. Na mjukuu mmoja.

Pumziko alilojinyima, Bwana sasa ampe, kwa amani.