Bi Leontina na Nyumba Kumi na Moja za Juu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi Leontina Buhaciuc, mhandisi mkaguzi wa idara yetu ya kazi za vijijini, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi tisa. Saba kati yao walijaribu kumhamishia masjala na wawili walifaulu, lakini kila mara alirudishwa upesi, kwa sababu huko masjala alianza kusoma mafaili.

Aliajiriwa Machi 1991, akitokea chuo cha ufundi cha mji wa Iași, akiwa na imani kwamba kazi iliyochorwa vizuri itajengwa vizuri. Imani hiyo ilimtoka mwaka 1996, katika kijiji ambacho sitakitaja, mbele ya sahani ya sarmale, majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama.

Sote tunaujua utaratibu wetu. Kamati ya kupokea mradi inafika saa tano, meya anaikaribisha mlangoni kwa mkate na pombe ya plamu, meza imeshaandaliwa, na kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Supu inakuja, kisha sarmale, na katikati ya hizo mbili hati ya makabidhiano inazunguka mezani pamoja na kalamu. Siku ile Bi Leontina alisaini kupokea daraja. Alipotoka nje kunyoosha miguu alilikuta, daraja zuri la zege, limevuka kijito mita mia nne kutoka kwenye njia ya watu. Wanakijiji walikuwa wakiendelea kuvuka kwa kukanyaga mawe, palepale walipovuka babu zao. Aliniambia kwamba aliona haya hata kurudi ndani kuaga.

Tangu hapo hakuwahi kula kabla ya kutembea. Alinunua viatu vya mpira, akawa anafika kijijini asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kamati, akipitia upande wa nyuma, kwenye mabanda ya kuku na matope. Makandarasi walimbandika jina la Bi Viatu vya Mpira. Alipenda sana jina hilo, na aliwahi kulitumia kujitambulisha kwa naibu waziri.

Mimi nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na sita, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii sikuyasoma popote. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kijiji hakikosi maendeleo kwa sababu fedha hazikutumwa. Fedha zinatumwa. Zinatufikia Oktoba, na zisipotumika kabla ya mwaka kwisha zinarudi zilikotoka, ndiyo maana tumewahi kumwaga lami juu ya theluji na ikifika Aprili tukaiokota vipandevipande. Mwaka 2009, Desemba, nyuzi sita chini ya sifuri, Bi Leontina alisimama mbele ya gari la lami na kumwambia dereva, “Kaka, rudi nayo nyumbani ukakaangie mayai. Hapa itapoa bure.” Dereva alicheka, akageuza gari. Fedha za mwaka ule tulizipoteza, na yeye akapewa barua ya onyo. Barabara ilijengwa Mei iliyofuata, na ukipita leo hutaona ufa.

Katika jalada lake kuna barabara kumi na tisa, zahanati tatu, shule iliyohamishwa kutoka bondeni kabla mafuriko hayajaifikia, na barua za onyo saba. Anajivunia vyote.

Mkurugenzi aliniomba niandike kwamba Bi Leontina ameacha meza safi. Ningefurahi kuandika hivyo, lakini si kweli. Ameacha faili moja, la mradi wa maji wa kijiji cha Râpa Cornilor, na ni yeye mwenyewe aliyekataa kulifunga.

Râpa Cornilor ina nyumba mia moja hamsini na moja, kumi na moja kati yake zikiwa juu kabisa mlimani. Mchoro wa mradi ulinakiliwa kutoka kijiji cha tambarare, na kwa haraka ya kuwahi tarehe, ukurasa wa kumi na nne ulibaki na jina la kijiji hicho. Tangi likajengwa karibu na kanisa, mahali ambapo gari la zege linafika kwa urahisi. Ni tangi imara, lakini liko chini ya zile nyumba kumi na moja, na maji hayapandi mlima kwa kuogopa hati.

Oktoba iliyopita tulipanda huko naye. Mama Safta Nichitoi, mwenye miaka sabini na tisa, alitukaribisha jikoni kwake na kutuonyesha bomba jipya linalong'aa. Alikuwa ametundika taulo juu yake. “Ni zuri, mwanangu,” alimwambia Bi Leontina. “Nalifuta vumbi kila Jumamosi.” Kisha akachukua ndoo yake akatelemka kisimani. Tulimpokea ndoo wakati wa kurudi, na mimi, nikiwa na miaka arobaini na mbili, nilipumzika mara tatu.

Tuliporudi chini kijijini, mezani, meya, Bwana Silvestru Hagiu, alikuwa na kalamu tayari. Si mtu mbaya. Alitaka tu mradi wake uishe. “Bi Injinia, nyumba mia moja arobaini zina maji, wewe unanihesabia kumi na moja? Wale wa juu ni wazee. Miaka miwili, mitatu, suala litakwisha lenyewe.”

“Sawa,” Bi Leontina alisema. “Andika hivyo kwenye hati, kwamba tunangoja wafe. Ukiandika, nasaini sasa hivi.”

Meya aliifunika kalamu yake. Hakuandika, na Bi Leontina hakusaini. Supu ilipoa.

Kinachohitajika ni pampu ndogo na nguzo nne za umeme. Lakini hati ikishasainiwa, Râpa Cornilor inahesabiwa kuwa na maji, na kijiji chenye maji kwenye karatasi hakiruhusiwi kuomba maji tena kwa miaka kumi. Mama Safta hana miaka kumi ya kubeba ndoo. Nakasirika kila nikilifikiria hili.

Jumatatu faili hilo linahamia kwangu. Siku ya mwisho ya kusaini ni tarehe 20 Desemba, na nimeshaambiwa mara mbili, kwa upole, kwamba mimi nina busara kuliko mtangulizi wangu. Basi naandika hapa, mahali ambapo idara nzima inasoma: sitasaini mpaka bomba la Mama Safta litoe maji.

Bi Leontina, asante kwa yote uliyotufanyia, hata kwa yale uliyotugombezea. Upate afya, usingizi mzuri, na plamu za kutosha kwenye shamba lako. Ukisikia nimesaini, mpigie simu Mama Safta. Akikwambia bado anabeba ndoo, njoo unitoe kwenye kiti chako.

Ilarion Prepeliță, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako