Mama Hadubini na Dari Iliyopakwa Rangi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama mmoja wa maabara. Wodini walimwita Mama Hadubini, maana jicho lake lilikuwa halibanduki kwenye hadubini. Alifariki mwezi uliopita. Naomba radhi mapema: kisa chenyewe kinatia kichefuchefu.

Miaka sita iliyopita, katika wodi ya watoto wenye saratani, binti wa miaka saba alishikwa na homa. Alikuwa na saratani ya damu, na dawa zilikuwa zimemmaliza kinga. Homa siku kumi. Antibiotiki zikabadilishwa mara tatu, homa imeng'ang'ania. Picha ya kifua ikaonyesha mabaka. Daktari mmoja akasema ni kifua kikuu, mwingine akasema tusubiri.

Mama Hadubini hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliomba mapafu ya mtoto yaoshwe kwa maji kidogo kupitia mrija, na maji yale aletewe yeye papo hapo. Akasimama mlangoni kuyasubiri, chai yake ikipoa mezani. Chini ya hadubini akaona nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu. Narudia: haikuwa kifua kikuu, ilikuwa kuvu. Dawa yake ikaanza siku ile ile, na binti akapona.

Mwingine angeenda zake nyumbani. Yeye akauliza kuvu imetoka wapi. Akapanda juu ya meza na viatu vyake vya kazini, akakwangua dari juu ya kitanda cha mtoto, pale bomba lilipokuwa linavuja. Baada ya siku chache, kuvu ile ile ikaota maabara. Akaandika barua: hamisheni watoto, zibeni bomba, ng'oeni dari.

Wakubwa wa hospitali walifanya nini? Walipaka rangi. Wageni walikuwa wanakuja kukagua, basi ukungu ukafunikwa kwa rangi nyeupe.

Mdogo wake anaikumbuka siku hiyo. "Dada alirudi akaoga mara mbili, akagoma kula. Akaniambia, 'Wamepaka rangi ugonjwa, mdogo wangu, na wageni wamesifia weupe.'"

Kila masika aliandika barua. Kila masika wakapaka rangi. Aibu gani hii?

Msibani, wakubwa hao hao walijipangusa macho, wakatangaza kuwa wodi itapewa jina lake. Kibao kilizinduliwa juzi. Ukuta na dari, bila shaka, vilipakwa rangi kwanza. Binti yule, sasa ana miaka kumi na mitatu, alikuwepo. Watu walipokuwa wanapiga makofi, yeye alitazama juu. Doa la ukungu lilikuwa limesharudi, juu ya kitanda kile kile.

Kwa mdogo wa marehemu, wanawe na wajukuu: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na hasira yenu ni yetu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kitandani pale amelala mtoto mwingine. Leo ni siku yake ya nne ya homa. Nani atasimama mlangoni kusubiri maji ya mapafu yake?