Kiendeshi cha Halvor Kisitupwe

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, na wewe Eilif weka chini hicho kipande cha keki, maana nesi wa manispaa amesema moyo wangu umechoka na mimi sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Ragnfrid, nimiminie kahawa. Najua nimekatazwa. Mimina.

Nyumba ni ya Ragnfrid, banda la mashua ni la Eilif, na jirani Torgunn akija kudai cherehani mwambieni sikumwahidi, alijiahidi mwenyewe mbele ya mke wa mchungaji ili apate shahidi. Hayo yameisha. Nililowaitia ni kiendeshi.

Mmekulia chini ya meza yake lakini sidhani kama mliwahi kusikiliza. Kule kiwandani tulitengeneza kadi za kuingiza picha za kamera kwenye kompyuta. Mimi nilizichomelea vipande vyake, na marehemu baba yenu Halvor aliandika kiendeshi, yale maelekezo yanayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ili kompyuta ielewane na kadi. Kiwanda kikafungwa, Halvor akafariki, jina lake likabaki kwenye faili la watunzaji, wale wanaoandikiwa kiendeshi kikileta shida, na watu wakawa wanamwandikia maiti na kulalamika kwamba hajibu. Ndipo nikaingia mimi na shule yangu fupi, nikauliza maswali ya kijinga mbele ya dunia nzima mpaka yakaniishia.

Asger wa Aarhus mnamjua, ninamsema kila Krismasi. Yule hana usingizi akiona mstari umekaa upande. Mwaka nilipolazwa kwa ajili ya goti alituma kiraka cha usafi, yaani badiliko dogo la kupanga maandishi ya kiendeshi tu, na ndani yake akafuta mstari uliokuwa unasoma namba kutoka kwenye kadi kisha hauitumii popote. Ukiutazama ni takataka kweli. Ila kadi ile isiposomwa namba hiyo haiamki sawasawa: picha ya kwanza inakuja vizuri, halafu inaganda. Asger hakuwa na kadi. Alikijenga kiendeshi kwenye mashine yake, kikajengeka bila kunung'unika, akaenda kula chakula chake.

Sasa mnajua mpiga kinanda wetu Oddlaug anakaa juu, ameipa madhabahu mgongo, anamwangalia mchungaji kwenye skrini ndogo inayopata picha kwa kadi yetu. Siku ya mazishi ya mzee Sivert jeneza lilishafika kaburini, watu wamelowa mvua, na Oddlaug bado anapiga, kwa sababu kwenye skrini yake jeneza halijaondoka. Mjane alidhani ni heshima ya pekee, akampelekea maua. Oddlaug aliyapokea, tena akayaweka dirishani tuyaone.

Nilimwandikia Asger kwenye baraza la barua pepe, kila mtu asome: "Kijana, umefagia nyumba ukatupa na jiko." Akanijibu, "Bibi Borghild, jiko lenyewe lilifunikwa gunia. Nani angejua?" Nilinuna miaka, na kilichoninunisha ni kwamba alisema kweli, maana baba yenu hakuandika sababu ya ule mstari. Kwa hiyo shikeni hili: usafi uende kwenye kiraka chake na ukarabati kwenye chake, na kila mstari wa ajabu uandikiwe sababu yake.

Mwaka huu wazee wa sehemu ya video ya mfumo, wale wanaoamua kipi kiingie na kipi kitoke, wamesema viendeshi vyote vinavyopokea picha kwa njia ya zamani vimewekwa chumba cha kungojea, na toleo lijalo vitatupwa, isipokuwa apatikane mtu wa kuvirekebisha na kuweka jina. Ragnfrid ulisema, "Mama, kiache kife, kanisa litanunua kadi nyingine." Litanunua. Lakini yule muuguzi wa Latvia, Dzintra, anayeniandikia kila majira ya kuchipua, anapima macho ya watoto kwa mashine isiyokubali kadi nyingine, na hospitali haitampa mashine mpya. Kiendeshi kikitupwa, watoto wale watapelekwa wapi?

Na aliyekaa kukirekebisha ni nani? Asger. Ametuma viraka vidogo vidogo, kila kimoja na sababu yake. Nilitafuta la kumtukana mchana kutwa, sikulipata. Chini ya kila kimoja ameandika, "Hakijapimwa, sina kadi." Kwa hiyo wazee hawavipokei.

Humu ndani kadi nzima zimebaki mbili. Moja mtumieni Asger kesho, ifungeni ndani ya soksi zangu za sufu. Jina la Halvor litoke, langu litoke, lake liingie.

Usinikunjie uso, Eilif. "Mama, unampa adui?" Nimpe nani, wewe? Yeye ndiye aliyekisoma chote, mstari kwa mstari.

Ya pili imo kwenye mashine hiyo hapo. Ragnfrid, viraka vyake umeshaviweka? Washa. Kamera itazame barabara. Usiifurahie picha ya kwanza, mwanangu, hiyo hata kwa kiendeshi kibovu inakuja. Ngoja. Gari la posta liko wapi? Kwenye kona. Na sasa? Ngoja tena. Limepita duka... niinue kidogo, Eilif... limepita duka, na mtu ameshuka. Anatembea.

Basi Ragnfrid, waandikie wazee kwamba kimepimwa. Jina lako, siyo langu, mimi sijagusa kitu. "Mama, nikiandika jina langu wataniandikia mimi." Ndiyo, watakuandikia. Na wewe utawajibu.

Mungu awalinde, awape mikono myepesi na maneno yasiyoumiza sana. Msigombane kwa sababu ya banda. Sauti inaniishia... Tuma, Ragnfrid. Nataka nisikie ukibonyeza.