Siku Mchuaji Alipokataa Kunichua

Wenzangu wa darasa, nyie ndio mnaojua yangu yote, basi na hili siwafichi. Hapa tuko wanawake watupu, nitapataja mpaka pale panapoonewa haya: tako la kulia.

Mnajua nabangua korosho. Siku moja kigoda kikavunjika, nikakaa chini puu! Tukacheka, kazi ikaendelea. Siku kama nne mbele, maumivu yakaanza takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, kama mtu anavuta waya. Kila mtu, "Mshipa huo, kachuliwe." Na sisi Mikindani kwa kuchuana hatujambo! Dada yangu akanikanda kwa mchanga wa moto, mume wangu akanisugua mafuta. Homa ikaja, nikapima malaria, hamna. Tukaendelea kuchua. Ndugu zangu, nawaambia, kila nikikandwa ndivyo ninavyozidi kuumia. Nikawa naswali kitini. Hapo ndipo nilipolia, maana sijida nilikuwa naiona kwa wenzangu tu.

Mwisho nikapelekwa kwa bibi mmoja, mchuaji, nusu ya mji imepita mikononi mwake. Akaweka kiganja, akakitoa hapo hapo.

"Nani kakuchua hapa?"

"Wote, bibi."

"Basi wote wajinga! Mshipa hauchemki hivi. Nyama ina moto ndani. Siigusi. Hospitali!"

"Bibi, hata kidogo tu..."

"Nikuue nipate nini? Inuka!"

Hospitali wakanipima kwa ultrasaundi. Daktari akasema usaha umejaa ndani ya msuli wa tako, umeubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nikamuuliza, "Mguu utakatwa?" Akasema, "Hapana mama, umewahi kuja."

Wakautoa usaha, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge. Kusoma nimejifunza ukubwani, masomo ya jioni, lakini maelezo ya dawa nilisoma mwenyewe, nikavimaliza vidonge vyote hata maumivu yalipokwisha.

Nawashukuru manesi, mume wangu, na dada yangu, naye mchanga wake nimemsamehe. Lakini bibi yule namwombea kila swala, maana alijua kazi yake inaishia wapi.

Leo kwenye swala mmeniona safu ya mbele, paji langu la uso mkekani. Alhamdulillahi. Basi mkitoka hapa, kila mmoja amwambie jirani yake: mguu ukiuma na mwili una homa, msichue. Mpelekeni mgonjwa hospitali.