Pikapu ya Kupisha Jeneza

Kwenye tuktuk ya kutoka Gazi kwenda Msambweni nilikalishwa katikati ya ndugu wawili, kama mpaka wa shamba la urithi. Boga alitaka pikapu yao mpya ya kubebea samaki iwe na injini ya turbo, ipande Kwale na mzigo bila kulalamika. Dada yake, Mwanapili, alitaka haibridi, inayosaidiwa na betri.

"Turbo ya kwanza uliiua mwenyewe, kaka. Kila mara waizima ingali moto."

"Nilikuwa napisha jeneza! Ulitaka maiti apitishwe mbele yangu huku injini ikinguruma?"

"Ungeiacha ipoe kwanza."

"Niwaambie waliobeba wangoje turbo ipoe?"

"Basi haibridi. Ikisimama, yanyamaza yenyewe."

"Na maji ya chumvi ya samaki wako yakiingia kwenye betri, utamlilia nani?"

"Minazi ya baba tuliyoiuza kwa ajili ya gari haiuziki mara mbili, Boga. Tukikosea safari hii, tumekwisha."

Rai yangu hakuna aliyeiuliza.

Karibu na hospitali tukakutana na watu wamebeba jeneza. Dereva akasimama kando, akazima injini. Tukaomba dua kimya. Lilipopita, akajaribu kuwasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikanyamaza vilevile.

Boga akamtazama dada yake, akingoja kusimangwa. Mwanapili alikuwa ameshashuka, anakunja buibui.

Tukasukuma sote watatu, ndugu kila mmoja upande wake, nami bado katikati.