Swali la Saba la Ndugu Yangu

Ndugu waombolezaji, kazi hii nimepewa mimi dada yake, kwa kuwa wanawe wakishika karatasi watalia, na wakilia hatutamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akinifuata mimi, na tangu alipojua kusema alikuwa mtu wa "kwa nini". Alianza shule mwaka 1959, mimi nikaishia darasa la saba, yeye akafika chuo kikuu, akahitimu Novemba 1976 katika elimu ya tabia za watu, utadhani nyumbani watu walikuwa hawatoshi.

Mwaka 1979 aliajiriwa na idara ya afya achunguze kwa nini wazazi hawaleti watoto kuchanjwa surua. Alipita nyumba kwa nyumba na fomu ya maswali arobaini, karibu wote wakasema watakuja, siku ilipofika wauguzi wakakaa na masanduku yao ya barafu, watoto waliofika wakaenea benchi moja. Nikamwambia, mdogo wangu, umesoma ukapitiliza, mtu akigongewa na mgeni mwenye kalamu humpa jibu la kumwondoa mlangoni, awahi sufuria yake isiungue. Hakununa, aliweka fomu kando, akakaa miezi minne kwenye chumba cha cherehani cha fundi mmoja, akisikiliza wanawake waliokuja kupima nguo, aliyeleta uvumi kuhusu chanjo hakumcheka, kisha akamrudia kila mmoja kumsomea alichoandika, aseme kama ndivyo. Kumbe wengi hawakuogopa sindano, zahanati ilifunguliwa wao wakiwa kazini. Ikaanza kufunguliwa Jumamosi, benchi halikutosha tena.

Fundi huyo ndiye wifi yangu huyu, alimkataa mara mbili, alipohojiwa sababu akasema ni viatu, marehemu akabadili viatu, wakafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu, wote wabishi.

Mimi nilikuwa sikanyagi zahanati, si kwa chanjo ya mtoto wala yangu. Miaka zaidi ya arobaini aliniuliza swali la saba la fomu ile, "Kwa nini hukuja?", nami nikamwambia akahoji wenzake, akaandika, "Dada hajasema, nasubiri."

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka jana, akalazwa tarehe 2 Mei mwaka huu, kitanda cha dirishani, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba mwaka 1974 muuguzi alinifokea mbele ya foleni nzima kwa kupoteza kadi ya mtoto, nikaapa sirudi. Alicheka hadi mpira wa dripu ukatikisika, akaomba kalamu, akaandika, akanisomea, akauliza, "Ndivyo, dada?" Nikasema ndivyo. Hakunihubiria. Alifariki tarehe 9, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani mlioleta viti, na wafanyakazi wenzake mliomvumilia. Jana nilikwenda zahanati kuchanjwa homa ya mapafu, nikasema sina kadi, nikangoja kufokewa, muuguzi akasema, "Bibi, tutakuandikia nyingine." Dakika mbili tu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na huko uwaulize taratibu.